Hakuna Mahali Panapoitwa Palipoungua

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo wamebomoa kwa Fundi Baiskeli. Fundi mwenyewe alikufa zamani. Baada yake pakawa saluni, halafu pakauzwa simu, halafu pakafungwa kufuli likashika kutu. Lakini watu walisimama barabarani wakitikisa vichwa: maskini, kwa Fundi Baiskeli pamekwenda. Hakuna aliyesema saluni. Hakuna aliyesema simu. Ndivyo barabara kuu hii ilivyo, watu wanaelekezana kwa marehemu. Benki iko wapi? Pale kwenye mashine ya kusaga. Duka la dawa je? Pale kwenye vitabu. Kitabu hakijaonekana pale tangu wanangu pacha wakinyonya, na sasa pacha wenyewe wananyonyesha.

Na mimi? Duka langu la ushonaji linaitwa Umaridadi wa Kisasa. Limeandikwa juu ya mlango, herufi za bluu, kila mwenye macho anaona. Nani analiita hivyo? Mimi. Basi. Mji mzima unaliita Palipoungua. Eti kwa sababu kabla sijapanga hapa, enzi hizo nikiwa bado naazima cherehani ya mjomba, palikuwa na duka la mafuta ya taa na likashika moto. Sikuwepo! Sijaunguza hata kola ya shati! Lakini mteja akipigiwa simu, anajibu nipo Palipoungua napimwa suruali. Nani atamwamini fundi anayepiga pasi Palipoungua?

Mchana msimamizi wa ujenzi akaja na kofia yake ngumu. Habari kubwa. Jengo letu nalo linavunjwa, linapanda ghorofa. Chini mbele kote benki imeshachukua, isipokuwa chumba kimoja cha kona. Wapangaji wa zamani tumebaki wawili, mimi na Bwana Vioo anayeuza madirisha ya alumini mlango wa pili. Mmoja atapata kona. Mwingine atapelekwa ghorofa ya pili, nyuma, kando ya matangi ya maji.

Mwenye jengo anaishi mbali kwa binti yake. Sijawahi kumwona, kodi tunampelekea wakala. Msimamizi anasema mzee ameamua hivi: kona ni ya duka linalojulikana. Jumamosi atashuka stendi kama abiria yeyote, atamtajia bodaboda kila duka, na duka atakalofikishwa bila kuhangaika ndilo lenye haki ya kona.

Bwana Vioo alicheka akasema mzee ana vituko. Mimi sikucheka. Mimi nilianza kufikiri.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimelala vibaya kwa hesabu za mambo. Nimemweleza mke wangu. Mzee atatamka Umaridadi wa Kisasa, si ndivyo ilivyo kwenye mkataba? Bodaboda watakodoa macho. Wao wanajua Palipoungua tu. Kwa hiyo adui yangu si Vioo, adui yangu ni hilo jina, na lazima life kabla ya Jumamosi.

Mke wangu alikuwa anatoboa matundu ya vifungo. Hakuinua uso. Akasema baba pacha, jina ambalo watu wanalijua bila kufundishwa ni mali, liache. Nikamwambia yeye ashike vifungo, biashara aniachie mimi. Akasema sawa. Ile sawa yake naijua, ina urefu wa kutosha kunipiga nayo baadaye.

Kwanza nikaenda kwa mchora mabango. Nimemwagiza bango jipya, kubwa mara mbili, herufi nyekundu. Alifanya kazi nzuri, siwezi kumsingizia. Tukalitundika kabla ya adhuhuri. Nikavuka barabara nilitazame vizuri. Nikasimama mbele ya duka la simu, ambalo spika yake inapiga kelele hadi meno yanacheza, nikajipa pongezi.

Alasiri wakaja watu wa ujenzi na mabati. Wamezungushia safu nzima ukuta wa mabati, kwa usalama wa wapita njia, wakaacha mlango mdogo wa kuingilia kwangu na mwingine kwa Vioo. Bango langu liko nyuma ya mabati. Sasa linasomwa na mimi na paka wa Vioo.

Vioo akaja na ngazi yake ndefu, akasema jirani, tulipandishe juu ya paa. Kwa nini ananisaidia? Mtu hapandishi bango la mshindani wake bure. Nilimshukuru kwa mdomo tu. Tukapandisha. Kabla ya magharibi upepo ukalichukua, likatua kwenye paa la duka la dawa, uso chini. Mwenye dawa amekataza watu kupanda mabati yake mpaka fundi wake arudi safarini. Fundi yuko safarini hadi mwezi ujao.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Akili ni nywele. Leo zangu zimeota.

Bango la nini, wakati atakayemleta mzee ni bodaboda? Nikaenda kijiweni stendi. Mwenyekiti wao ni mtu mnene mwenye miwani ya jua anayoivaa hata kivulini. Nikamwambia nataka kitu kimoja. Mtu akisema Umaridadi wa Kisasa, aletwe kwangu mbio. Mtu akisema Palipoungua, jibu liwe moja: hatupajui. Hata akisisitiza. Hata akionyesha kwa kidole. Hapajulikani.

Mwenyekiti akauliza na wao wanapata nini. Nikasema nitawashonea vizibao vyote vilivyochanika na viti vyote vya pikipiki, bure. Alivua miwani kunitazama vizuri. Akawaita wote, wakaapa pale pale, na vizibao vikaanza kuvuliwa. Nimerudi nyumbani na mlima wa vizibao. Mke wangu akauliza ni mteja gani huyu. Nikamwambia ni uwekezaji.

Kisha nikafanya jaribio, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Nikamtuma shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aende stendi aseme anataka Palipoungua. Sikumweleza kwa nini, jaribio likijulikana si jaribio. Shemeji ni mtu wa mwili, anapumua kwa shida hata akiwa amekaa. Aliulizia pikipiki zote. Hatupajui, hatupajui. Mmoja alimwambia labda ni mji mwingine. Amekuja kwa miguu jua la saa saba, shati limemganda, akaanguka kwenye kiti cha wateja akasema shemeji, mji huu umerogwa, wamesahau hapa kwako.

Nilimkumbatia kwa furaha. Alidhani nami nimerogwa. Dada yake alimpa maji, kisha akanitazama kwa muda mrefu sana na sikupenda.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku mbaya kidogo, lakini ya mafanikio.

Bwana harusi wa Jumapili alikuwa aje kujaribu suti. Hakuja. Saa zikaenda. Kumbe alisema Palipoungua, vijana wa mwenyekiti wakamjibu kama walivyoapa. Akabishana nao, akasema mbona jana tu mlinipeleka. Wakasema jana si leo. Mwishowe mmoja akamwonea huruma akamshusha kwa Bwana Vioo, ajitafutie. Vioo akamshika mkono akamleta hadi mlangoni kwangu, akisema jirani, mgeni wako amepotea. Anajitia wema mbele ya wateja wangu! Bwana harusi alikuwa amelowa jasho. Suruali ilikataa kupanda. Akasema maneno ambayo bwana harusi hapaswi kuwa nayo kinywani wiki ya ndoa yake.

Mwalimu mkuu naye amepiga simu. Alimtuma mtu na vitambaa vya sare za shule, mtu akazunguka mji akarudi navyo. Sasa vitambaa vimekwenda kwa fundi aliye nyuma ya kituo cha mafuta. Mwalimu akasema hana kinyongo, ila mtu hawezi kupeleka kazi mahali pasipokuwepo.

Mke wangu alisikia kila kitu, kwa sababu simu yangu inapaza sauti. Akaweka mkasi mezani. Akasema kazi ya sare ndiyo inayotulisha mpaka shule zifungwe. Nikamwambia avute subira, hii ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Akasema dawa gani hii inayoua mgonjwa. Nikamwambia wanawake hawaelewi mipango ya muda mrefu. Akaniambia Jumamosi ni keshokutwa.

Vioo kwa upande wake hajafanya lolote. Hajaenda kijiweni, hajaandika bango. Asubuhi anafagia, mchana anakata alumini, jioni anafunga. Nimemchungulia kupitia tundu la bati na sioni hila yoyote. Mtu asiye na hila hata moja lazima ana kubwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimegundua tobo kwenye mpango. Ukuta!

Juu ya mlango wangu, pale panapozidi mabati, kuna weusi wa ule moto. Masizi yameingia kwenye chokaa tangu enzi hizo, yamepanda hadi kwenye paa. Kila anayepita na mtoto anamwonyesha: unaona, pale ndipo palipoungua. Nimeufuta mdomo wa mji mzima halafu ukuta unasema peke yake!

Nikanunua chokaa. Nikaazima ngazi ya Vioo. Niliona vibaya kuiomba lakini ndiyo ngazi pekee inayofika. Mke wangu akaja akasimama chini akaishika isiteleze. Nilidhani amekubali. Kumbe alitaka nisiweze kushuka mpaka nimsikilize.

Aliongea taratibu, na hilo ndilo lililonitia baridi. Alisema anaogopa. Tukipelekwa juu nyuma, hakuna mtu atakayepanda ngazi kwa ajili ya zipu. Na macho yake hayako kama zamani, anatunga uzi kwa mwanga wa mlangoni, na kule kwenye matangi hakuna mlango wala mwanga. Akasema hatujui kazi nyingine, mimi na yeye. Watu wanatufuata kwa sababu ya huo weusi, baba pacha, hata kipofu anausikia. Tafadhali uache.

Nilikuwa na brashi mkononi. Nakiri moyo ulinilegea. Nami naogopa, nitamficha nani humu ndani? Nikiwaza kiti changu kando ya matangi ya maji, usingizi unaniruka. Lakini mtu aliyeogopa hasimami nusu ya ngazi. Nikapaka. Nikapaka tabaka la kwanza, la pili, la tatu mpaka chokaa ikaisha. Sasa ukuta ni mweupe pe, umefanana na wa duka la dawa, na wa benki, na kuta nyingine zote mpya za barabara hii.

Mke wangu alishaondoka. Ngazi niliirudisha mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea, ingawa mkono hautaki.

Nilivaa suti. Nikasimama kwenye mlango mdogo wa mabati tangu duka la dawa lilipofungua, ili mzee akifika anikute. Nilijua nitamtambua tu. Mwenye jengo ana sura ya mwenye jengo: kitambi, fimbo ya madaha, saa kubwa.

Asubuhi hakuna kitu. Akapita kizee mmoja, mwembamba, kandambili miguuni, mfuko wa plastiki mkononi. Anatazama juu ya kuta, anatazama chini, anasonga. Nikadhani anatafuta kazi ya ulinzi. Akapita tena akirudi. Nikakasirika, maana ananizibia njia. Mara ya tatu akasimama mbele yangu, akasema samahani mwanangu, Palipoungua ni wapi?

Nikapumua. Wa namna hii ndio walionichosha. Nikamwambia mzee, hakuna mahali panapoitwa Palipoungua. Akasema lakini palikuwepo, barabara hii hii. Nikamwambia hapajawahi kuwepo, hizo ni hadithi za vijiweni, na mimi niko hapa miaka na miaka. Hapa ni Umaridadi wa Kisasa. Akalitamka hilo jina polepole, kama anayeonja chumvi. Akasema halijui. Akauliza kama ninafahamu kwa Vioo. Nikamwonyesha. Nilimwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe! Nikamwambia tena kwa ukali kidogo, ni hapo tu, mlango wa pili, na anipishe, nina mgeni mkubwa.

Akaenda. Nikamwona Vioo anamvutia kiti, anampa maji. Nikasema moyoni, basi ndivyo anavyopata sifa, kwa kunywesha kila anayepita.

Baada ya muda msimamizi wa ujenzi akaja, akaingia kwa Vioo akavua kofia. Akainama. Nikaona kofia iko kifuani, nikaelewa.

Nikaingia. Mzee alikuwa anamsimulia Vioo habari za barabara. Aliniona, akanikaribisha kiti kwa adabu, na ile adabu iliniumiza kuliko tusi. Akasema lile duka la mafuta ya taa lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyeunguliwa. Alitoka mle ndani na nguo za mwilini tu, na watu wa barabara hii ndio waliomchangia mabati ya kwanza. Miaka yote akiwa mbali kwa binti yake, kitu kilichokuwa kinamfurahisha ni kusikia kwamba mahali pale bado panaitwa kwa msiba wake, na kwamba kuna fundi cherehani amekaa pale na watu wanajaa. Alikuja akiwa ameshaamua. Jaribio lilikuwa la kupitisha siku. Alitaka tu ashuke stendi, aseme Palipoungua, apandishwe pikipiki, aletwe.

Akasema aliwauliza bodaboda wote. Hakuna aliyepajua. Akatembea akitafuta ule weusi. Haupo. Akamuuliza mtu aliyesimama pale pale mlangoni, naye akamwambia hapajawahi kuwepo. Akasema basi, mji umesahau, na yeye si mtu wa kugombana na mji. Alipotaja kwa Vioo, alionyeshwa kabla hajamaliza kutamka.

Kona ni ya Bwana Vioo.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba suti niliyovaa nimeshona mwenyewe. Mzee akasema imekaa vizuri. Nililia nilipotoka. Nyuma ya mabati, ambako hakuna anayeona isipokuwa yule paka.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mke wangu yuko mezani tangu alfajiri. Anashona vizibao vya bodaboda, maana ahadi ni deni. Mwenyekiti amepita kuvichukua, akasema kazi ilifanyika kikamilifu, hata kizee mmoja king'ang'anizi jana walimshinda. Akataka nimshukuru.

Vioo alikuja jioni. Alisema angeniachia kona lakini mzee amekataa, ameshasema. Nikamtazama nione hila iko wapi. Alikuwa na machozi. Sijui la kufanya na jirani kama huyu.

Kabla ya kulala mke wangu akasema neno moja tu. Akasema yeye hapandi kwenye matangi. Atatutafutia chumba mwenyewe, na nikitia mguu kwenye shughuli hiyo anarudi kwa mama yake. Nikasema sawa. Yangu haina urefu wowote.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Tumehama. Lazima nikubali mke wangu ana bahati.

Amepata chumba mwisho wa barabara kuu, kwenye jengo lililokuwa la sinema. Filamu ya mwisho ilionyeshwa nikiwa kijana, tangu hapo pamekuwa ghala la magodoro, kanisa, ghala tena. Mbele kuna mlango mpana, jua linaingia asubuhi hadi jioni, na mke wangu anatunga uzi bila kukunja uso. Ameanza kuimba akishona. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu mabati yaje.

Na wateja! Siku ya kwanza tu bodaboda wamemwaga watu mlangoni kama wana haraka ya kuwaondoa. Mwalimu mkuu amerudisha sare. Hata yule bwana harusi amekuja, kupunguza suruali, ndoa imemkondesha. Mke wangu amesema mbele ya wote kwamba Mungu ametuonea huruma, safari hii tutulie.

Lakini nilimsikia mteja mmoja kwenye simu. Akaulizwa yuko wapi. Akasema nipo Sinema.

Sinema! Mimi nauza tiketi? Fundi mzima, na cheti chake ukutani, anaitwa Sinema! Nikatoka nje nitazame jina hilo wanalitoa wapi. Kumbe liko juu ya mlango, herufi za chuma, kila moja ina urefu wa mtoto, zimefungwa kwa skrubu ukutani. Mtu anaziona tangu stendi. Ndiyo maana hawapotei.

Skrubu zina kutu lakini si nyingi. Kesho mke wangu anakwenda kumtazama mama yake, atarudi jioni. Asubuhi moja inatosha.